Saratani ya ovari imerudi: mama apasuliwe tena, au kemo inatosha?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61. Aligundulika na saratani ya ovari hatua ya tatu, akapasuliwa, kisha akamaliza dripu sita za kemo. Akakaa vizuri miezi 16. Sasa kipimo cha damu cha CA-125 kimepanda, na skani inaonyesha uvimbe sehemu mbili, kwenye nyonga na karibu na bandama. Mwenyewe hana maumivu, anatembea na kupika kama kawaida. Daktari mmoja anasema apasuliwe kwanza ndipo apewe kemo. Mwingine anasema upasuaji utamchosha bure, kemo peke yake inatosha. Jirani yetu alipasuliwa mara ya pili kwa saratani hiihii na yuko hai mpaka leo. Tena kile kipimo cha damu tulichelewa kukifanya kwa miezi mitatu, na mdogo wangu aliyekuwa na jukumu hilo hajisamehe. Tumsikilize nani?"

Marahaba, dada. Nitaanza na mdogo wako, maana ndiye anayeumia bila sababu.

Kuna utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza na nchi kadhaa nyingine, majibu yake yakachapishwa mwaka 2010. Wanawake waliokwisha kupona kwa kemo ya kwanza walipimwa CA-125 kila miezi mitatu, lakini majibu yakafichwa, wao wasiyaone wala madaktari wao. Kipimo kilipovuka mara mbili ya kiwango cha kawaida, wagonjwa 529 waligawanywa kwa kura. Nusu waliambiwa na kuanzishiwa kemo papo hapo, nusu wakaachwa waendelee na maisha mpaka dalili zijitokeze zenyewe. Waliowahi walianza dawa karibu miezi mitano kabla ya wenzao. Hawakuishi zaidi. Kipimo cha kati cha maisha kilikuwa miezi 25.7 kwa waliowahi na 27.1 kwa waliosubiri, tofauti ambayo kitakwimu ni sawa na hakuna. Walichopata waliowahi ni kuanza mapema kuchoka na kutapika.

Utafiti huo una mpaka wake, na lazima niuseme. Ulihusu zaidi kuwahisha dawa, haukuhusu kuwahisha kisu, na ulifanyika kabla ya dawa za vidonge nitakazozitaja mbele. Uvimbe ukikutwa ungali mchache ni rahisi zaidi kuutoa. Lakini mama yako mpaka leo ana uvimbe sehemu mbili tu, hana dalili na ana nguvu zake. Miezi mitatu haikufunga mlango wowote ninaouona. Mwambie mdogo wako hivyo.

Sasa jirani. Watu wakisema "upasuaji wa pili" kwenye saratani ya ovari, huwa wanataja mambo matatu tofauti kwa jina moja, na mkanganyiko huu nimeuona ukigombanisha familia nyingi.

La kwanza ni upasuaji wa katikati ya kemo. Mgonjwa anafika tumbo limejaa maji na saratani imetapakaa. Anapewa dripu tatu ili uvimbe usinyae, anapasuliwa, halafu anamalizia tatu nyingine. Wengine huwa wameshafunguliwa tumbo mwanzoni kwa ajili ya kuchukua kinyama cha kupima, au daktari alijaribu kutoa akashindwa, kwa hiyo huu wa katikati wanauita wa pili. Inawezekana kabisa jirani yenu ni wa kundi hili. Kama ni hivyo, habari zake ni njema lakini hazina uhusiano na uamuzi wenu.

La pili ni upasuaji wa kuchungulia: kemo imeisha, vipimo vyote ni safi, daktari anafungua tumbo kuhakikisha. Zamani ulifanyika sana. Umeachwa, kwa sababu hata kati ya wale waliokutwa wasafi, karibu nusu saratani ilirudi vilevile, na kufunguliwa kule hakukuwaongezea siku. Nautaja kwa sababu bado kuna ndugu wanaolalamika kwamba mgonjwa wao "hakuangaliwa ndani" baada ya kemo. Hakunyimwa kitu.

La tatu ndilo lenu: saratani ilitoka, ikatulia, imerudi, na sasa swali ni kama iondolewe kwa kisu kabla ya kemo mpya.

Kabla sijafika huko, nikae kidogo kwenye lile la kwanza, maana lina somo linalofumbua mzozo wa madaktari wako. Mwaka 1995 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba wanawake walioachiwa mabaki makubwa kwenye upasuaji wa kwanza, wakipasuliwa tena katikati ya kemo, wanaishi zaidi: miezi 26 dhidi ya 20. Mwaka 2004 Wamarekani wakarudia jambo lilelile na hawakuona tofauti hata ya mwezi mmoja. Nani mwongo? Hakuna. Katika utafiti wa Marekani, upasuaji wa kwanza kwa karibu wagonjwa wote ulifanywa na mabingwa wa saratani za uzazi waliokuwa wameshatoa kila kilichotoleka. Kurudi mara ya pili hakukuwa na cha kuongeza. Kwa Wazungu wa Ulaya, wengi walikuwa hawajapata upasuaji wa kina mwanzoni, hivyo ule wa pili ulifidia pengo. Kilichoamua matokeo ni kazi iliyofanyika tumboni na kilichobaki humo. Idadi ya mara mtu alizopasuliwa haikuamua kitu.

Shika hilo, kwa sababu madaktari wenu wawili wamesimama kwenye mzozo wa namna hiyohiyo, na kila mmoja ana utafiti wake mkononi.

Daktari wa pili, yule wa kemo peke yake, bila shaka anaujua utafiti wa Marekani uitwao GOG-0213, uliochapishwa mwaka 2019. Wanawake 485 ambao saratani iliwarudia baada ya miezi sita au zaidi waligawanywa: wengine upasuaji kisha kemo, wengine kemo tu. Waliopasuliwa kipimo chao cha kati kilikuwa miezi 50.6. Wasiopasuliwa, 64.7. Ukisoma namba hizo tu, huwezi kumpeleka mama yako chumba cha upasuaji.

Daktari wa kwanza anaujua DESKTOP III, ulioongozwa na Wajerumani na kuchapishwa mwaka 2021. Wanawake 407, swali lilelile. Humu waliopasuliwa walifikia miezi 53.7 na wasiopasuliwa 46.0. Wachina nao walifanya wa kwao, SOC-1, wenye wanawake 357. Huko upasuaji ulichelewesha ugonjwa kukua tena, miezi 17.4 dhidi ya 11.9, ingawa kwenye urefu wa maisha wenyewe tofauti iliyoonekana haikutosha kuthibitisha kitu.

Nisimame kidogo kwenye "kipimo cha kati", maana ndugu wengi wakisikia miezi 53 wanafungua kalenda. Maana yake ni hii: ukiwapanga wagonjwa wote kwa mstari kuanzia aliyeishi muda mfupi hadi mrefu, yule wa katikati kabisa alifika hapo. Nusu walipita, wengine kwa miaka mingi. Nusu hawakufika. Namba hiyo inasaidia kulinganisha matibabu mawili. Haimtabirii mama yako tarehe.

Turudi kwenye tofauti. Wajerumani waliwachuja wagonjwa kabla ya kuwagawa, kwa masharti matatu: mgonjwa awe na nguvu zake kamili, maji tumboni yasizidi nusu lita, na upasuaji wa kwanza uwe ulimaliza saratani yote inayoonekana kwa macho. Katika GOG-0213 hakukuwa na chujio kama hilo. Daktari aliangalia, akiona uvimbe unatoleka, anamwingiza. Zaidi ya hapo, wagonjwa wengi wa Marekani, asilimia 84, walipewa pia bevasizumabu, dawa inayozuia uvimbe kujitengenezea mishipa ya damu, na hiyo huenda iliwanyanyua hata wasiopasuliwa. Kwa hiyo tafiti hizi hazikupima watu wa namna moja.

Lakini namba ambayo mimi naona ndiyo kiini cha jibu lako imo ndani ya DESKTOP III yenyewe. Wale ambao upasuaji wa pili ulifanikiwa kutoa kila kitu kinachoonekana, na walikuwa kama robo tatu ya waliopasuliwa, walifikia miezi 61.9. Wale waliopasuliwa kikabaki kitu hawakufika hata miezi 30. Linganisha na miezi 46 ya wasioguswa kabisa. Yaani aliyepasuliwa nusunusu alikuwa na matokeo mabaya kuliko aliyepewa kemo tu. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa uvimbe usiotoleka mara nyingi ndio mkali zaidi. Hata hivyo ujumbe kwa familia ni uleule: kama haiwezi kutoka yote, hakuna faida ya kuifuata kwa kisu.

Ndugu wakubwa kwenye vikao hupenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, wakimaanisha mgonjwa apasuliwe upesi, hata wakipunguza kidogo si haba. Kwenye saratani hii iliyorudi, kupunguza kidogo ni haba.

Basi swali la kuwapelekea madaktari wote wawili, wakiwa wamekaa meza moja ikiwezekana, ni hili: mna uhakika gani kwamba mtatoa yote? Jibu lake linatafutwa sehemu kadhaa.

Kwanza kwenye ripoti ya upasuaji wa mwanzo. Si ile barua fupi ya kuruhusiwa, ni ripoti ya chumba cha upasuaji. Mwishoni huwa kuna sentensi inayoeleza mabaki: hakuna kinachoonekana, au chini ya sentimita moja, au zaidi. Familia nyingi huambiwa "tumetoa yote" wakati ripoti inasema kilibaki kidogo kwenye utando wa utumbo. Daktari hakudanganya kwa nia mbaya, alikuwa anawatuliza. Lakini leo sentensi hiyo ina uzito. Ikisema hakukubaki kitu, mama yako anatimiza masharti yote matatu ya Wajerumani: ana nguvu zake, na kama skani haitaji maji tumboni, la pili nalo limetimia. Akikosa sharti moja hafungiwi mlango papo hapo, ila uhakika unapungua na madaktari wanapaswa kuwa wagumu zaidi kukubali.

Pili, mahali uvimbe ulipo. Bandama inatoleka, mtu huishi bila hiyo, ila apate chanjo za kumkinga na bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, ikiwezekana wiki mbili au zaidi kabla ya upasuaji. Uvimbe wa nyonga unategemea umegusa nini. Ukiwa umeshikana na utumbo mpana, huenda kipande cha utumbo kikakatwa, na mara nyingine mgonjwa akaamka na mfuko wa choo ubavuni, wa muda au wa kudumu. Hilo mama aambiwe na aulizwe mwenyewe kabla, kwa sauti ya kawaida, akiwa amekaa kwenye kiti na si akiwa ameshavalishwa nguo za upasuaji.

Tatu, kile ambacho skani haikioni, na hapa ndipo wengi hukwama. Skani ya CT huona vizuri uvimbe wa ukubwa wa zabibu. Punje ndogo kama mbegu za mtama zilizomwagika juu ya utumbo mwembamba inaweza kuzipita kabisa. Punje hizo zikiwa nyingi kwenye utumbo mwembamba, hakuna bingwa wa kuzimaliza bila kumwacha mgonjwa asiweze kula. Ndiyo maana baadhi ya mabingwa huongeza skani ya PET, na wengine huchungulia kwanza kwa kamera kupitia tundu dogo kitovuni. Wakikuta punje zimetanda, wanafunga na mgonjwa anaingia kwenye kemo baada ya siku chache. Kuahirisha kwa namna hiyo ni uamuzi mzuri, msiuone kama kushindwa.

Nne, mikono yenyewe. Upasuaji huu ni wa bingwa wa saratani za uzazi, akisaidiana na wa utumbo na pengine wa ini. Uliza bila kuona haya: kwa mwaka mnafanya wangapi wa aina hii, na wangapi mnamaliza yote? Bingwa wa kweli hakasiriki kwa swali hilo. Akikasirika nalo umeshapata jibu.

Kuhusu kemo nitakuwa mfupi, kwa sababu hapo madaktari wako hawagombani. Apasuliwe asipasuliwe, atapewa. Saratani iliyokaa zaidi ya miezi sita baada ya dawa ya jamii ya platinamu, kama karboplatini, kwa kawaida bado inaitii dawa hiyo, na ya mama imekaa 16. Hii ni bora sana kuliko ingerudi mwezi wa tatu. Atarudishiwa karboplatini pamoja na dawa ya pili. Utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa kama yeye, kuongeza paklitakseli kulifikisha kipimo cha kati cha maisha kwenye miezi 29, dhidi ya 24 kwa platinamu bila paklitakseli. Namba za tafiti za upasuaji nilizotaja juu ni kubwa zaidi, huenda kwa sababu ya dawa mpya na kwa sababu wagonjwa wake walichaguliwa. Kama dripu za kwanza zilimwachia ganzi ya vidole, waombe wafikirie doksorubisini ya liposomu badala ya paklitakseli; haing'oi nywele kama ile na haiumizi mishipa ya fahamu sana, ingawa inaweza kuchubua viganja na nyayo.

Tahadhari moja ambayo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha: karboplatini inaweza kuleta mzio kwa mtu ambaye zamani aliivumilia vizuri. Hutokea sana mgonjwa anaporudishiwa, mara nyingi kwenye dripu ya nane hivi ukihesabu tangu mwanzo, yaani kwa mama dripu ya pili ya awamu hii. Viganja vikianza kuwasha, uso ukiiva, kifua kikibana, amwite muuguzi hapohapo, asisubiri dripu iishe kwa kuona aibu kusumbua watu.

Akipasuliwa, kemo ianze jeraha likishatulia, kwa kawaida ndani ya wiki nne hadi sita. Hapa ndipo ninapomwelewa daktari wa pili. Upasuaji wenye matatizo, utumbo ukivuja au damu ikiganda miguuni, huchelewesha dawa ambayo tuna hakika inafanya kazi. Na bevasizumabu, kama itatumika, isikae karibu na kisu, maana inazuia vidonda kufunga. Hupita takriban mwezi kati yake na upasuaji, kabla na baada.

Kuna kitu hukukitaja na ningependa mkifuate wiki hii. Je, mama alipimwa jeni za BRCA1 na BRCA2? Karibu mwanamke mmoja kati ya saba wenye aina hii ya saratani amezaliwa na hitilafu kwenye mojawapo. Wenye hitilafu hiyo, kemo ikishafanya kazi, hupewa vidonge kama olaparibu vya kuituliza saratani. Katika utafiti wa SOLO2, uliohusu wanawake wenye hitilafu hiyo ambao saratani iliwarudia, waliomeza olaparibu walifikia kipimo cha kati cha miezi 51.7 na waliomeza vidonge visivyo na dawa 38.8. Vina gharama yake mwilini: damu hupungua, na wachache, kama asilimia 8 katika utafiti huo, walipata ugonjwa mbaya wa uboho. Kama mama alishavitumia baada ya kemo ya kwanza, mwambieni daktari, kwani mpango unabadilika. Na jibu la kipimo hicho si la mama peke yake. Likionyesha hitilafu, wewe, mdogo wako na hata kaka zenu mnastahili kupimwa, kwa kuwa inarithiwa kwa watoto wa kike na wa kiume kwa nafasi sawa, nusu kwa nusu.

Umeuliza mumsikilize nani, na sitaki kukukwepa. Kwa ulivyoeleza, muda mrefu wa kutulia, nguvu kamili, uvimbe sehemu mbili tu, ningeegemea kwa daktari wa kwanza. Lakini kwa sharti: ripoti ya zamani iwe safi, skani isomwe upya na bingwa atakayeshika kisu, na yeye mwenyewe aseme anatarajia kutoa yote. Likivunjika moja, nahamia kwa daktari wa pili bila kusita, na mama hatakuwa amenyimwa nafasi. Atakuwa ameepushiwa mateso. Nanyi mjue kwamba njia zote mbili zinatafuta muda zaidi wenye afya. Saratani hii ikisharudi, kuiondoa isirejee tena hutokea kwa wachache, na mtu anayewaahidi vinginevyo msimpe pesa.

Mama mwenyewe anataka nini? Katika barua yako yote umenieleza wanavyosema madaktari, jirani na mdogo wako. Muulize, halafu tafuta ile ripoti. Ukiipata, niandikie sentensi ile ya mabaki kama ilivyo, pamoja na majibu ya BRCA kama yapo, nitakujibu.